Kabla ya kuunganisha sosyete, tusome deni

Mu karyeri za Bafwasende na Banalia, kazi inaanzaka kwa urafiki. Watu wane wanatia feza pamoja, wananunua motopompe, wanalisha wachimbaji, kisha wanauzisha zahabu ao diama hapa Kisangani. Siku moja kampuni yenye makuta mingi inakuja: « Tuungane, tuwe kitu kimoja. » Watu wanafurahi, wanapiga sinyature. Sisi tunasema: ngojeni kwanza.

Kongo iliingia mu OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na sheria yake ya sosyete za biashara, ile iliyorudiliwa mu mwaka 2014, njo inatuongoza. Kwa sheria ile, kuungana (fusion) maana yake mali yote inahama, na deni yote inahama vilevile. Hakuna kuchagua. Motopompe inakwenda, deni ya mazutu inaifuata.

Ulizo la kwanza: ninyi ni nani mbele ya sheria? Kama hamukuandikwa ku RCCM, sosyete yenu haina uzima wa kisheria, na haiwezi kuungana na mtu. Kila mmoja analeta tu kitu chake. Basi iandikwe nani alileta nini. Bila karatasi, motopompe ya watu wane itakuwa ya yule mmoja aliyepiga sinyature.

La pili ni deni. Mu société en nom collectif, kila mshiriki anajibu deni za sosyete kwa mali yake mwenyewe, mpaka ku parcelle fasi watoto wanalala. Mu SARL, unapoteza tu kile ulichotia. Ndiyo sababu kuingia mu SARL kunaonekana kama kuokoka. Lakini deni ya zamani haikufi juu jina limebadilika. Mwenye kuwadai ana siku 30 nyuma ya tangazo ili apinge mbele ya tribinali. Mumuombe aandike kama anawaachilia. Na ninyi pia muulize deni za kampuni ile, juu zitakuwa zenu.

La tatu ni sehemu. Tukumbuke Kibali, kule Haut-Uele, wakati tulikuwa bado Province Orientale moja. Mu 2009, OKIMO ya serkali iliuzisha sehemu yake kubwa: kutoka 30 kwa mia ikabakia na 10. Kile kilichouzishwa hakikurudi. Lakini mwanzo wa 2019, wakati Randgold na Barrick waliungana kule juu, 10 ya SOKIMO ilibakia palepale. Sababu? Iliandikwa. Maneno ya mdomo haina sehemu.

Tena sheria haitaki mbiombio. Mpango wa kuungana unawekwa ku greffe na kutangazwa mwezi moja mbele ya mkutano. Mu société en nom collectif, washiriki wote wanapaswa kukubali, isipokuwa statuts zimesema ingine. Gérant hawezi kwenda kwa notaire peke yake usiku na kurudi asubuhi na bwana mpya.

Wafanyakazi nao wasiogope: sheria ya kazi ya 2002 inasema mwajiri akibadilika, mikataba inaendelea. Na mchimbaji ajue kama kadi yake iko na jina lake yeye. Si mali ya kampuni. Asiiache ku meza ya mtu.

Ba mama, hii inawaangalia pia. Mu société en nom collectif, mshiriki mmoja akikufa, sosyete inakufa naye, kama statuts hazikupanga ingine. Wajane wangapi wamejua ile nyuma ya matanga? Karatasi isomwe nyumbani, kwa sauti, mbele ya sinyature.

Kwa wakubwa wa mines na wa tribinali ya biashara hapa Tshopo, tunaomba kitu kimoja: maelezo ya sheria hii itolewe kwa Kiswahili na Lingala, mpaka mu karyeri. Mtu anayejua kuchimba metre makumi chini ya udongo anaweza kuelewa ukurasa mbili, kama zimeandikwa mu luga yake.

Kuungana si kubaya. Kubaya ni kuungana macho ikiwa imefungwa.