Elfu Nne Yako Inaweza Kununua Kipande cha Friza

Wasee wa Lodwar, leo mtanikasirikia kidogo.

Kila nikiposti kitu kuhusu pesa, komenti ni zile zile: "Biashara zote hapa town ni za watu wa nje." Sawa. Lakini pesa yako ya Jumamosi ilienda wapi? Kwa beti. Najua juu yangu pia ilikuwa inaenda huko nilipoacha chuo.

Tunadhani kuwekeza ni mambo ya Nairobi, hisa za Safaricom na suti. Ama tunangoja mradi mkubwa. Si ilikuja? Nenda Kalokol uone kiwanda cha samaki kilichojengwa na Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki kwa hili joto kulimeza pesa nyingi kuliko samaki wenyewe walizoleta, kikafungwa haraka sana. Na bado kila siku kuna mama anatoka huko huko Kalokol na samaki wake, anauza hapa sokoni, na hakuna mtu amemuuliza anahitaji nini.

Mimi nilimuuliza mmoja. Friza. Ya mtumba ilikuwa 30,000, yeye alikuwa na 18,000. Tukatafutana watatu, kila mtu 4,000. Hatukumpa mkononi, tulienda kulipia friza wenyewe. Tukaandika karatasi: kila wiki akiuza, anatoa 600, sisi tunagawana 200 kila mmoja, mpaka kila mtu afikishe 6,000. Baada ya hapo friza ni yake kabisa. Kuna wiki upepo ulichafua ziwa, hakukuwa na samaki. Hakutoa kitu na hatukuuliza. Hapo ndipo tofauti na mkopo wa simu, ule hauna habari na upepo.

Karatasi nilijifunza kwa uchungu. Kabla ya hiyo nilimpa beshte yangu 8,000 za duka la spea za boda, maneno matupu tu. Duka lilifungwa. Pesa sikuona na hatuongei hadi leo. (Akisoma hii, mimi nilishasamehe ile elfu moja ya kwanza.)

Sasa Kakuma. Ripoti ya IFC ya 2018 ilihesabu maduka zaidi ya 2,000 kule kambini na mjini, na soko la kama dola milioni 56 kwa mwaka. Hiyo si kambi ya kuonea huruma, hilo ni soko. Na wenye maduka wengi ni wakimbizi ambao benki ikiona karatasi zao inaanza kukohoa. Lakini usikimbie na macho yamefungwa. Mgao wa chakula ulipokatwa 2025, wateja waliishiwa, na maduka yaliyokuwa yanakopesha unga yalibaki na daftari limejaa madeni. Kwa hivyo kabla ya kutoa hata mia tano, uliza: wateja wako wanalipa na pesa gani? Nionyeshe M-Pesa ya miezi mitatu. Akikasirika, shukuru Mungu na uende nyumbani.

Wengine mtasema chama kinatosha. Chama ni poa, lakini vingi vyetu vinazungusha pesa zinanunua viti na masufuria. Hakuna anayeuliza kwa nini zisinunue kipande cha posho mill.

Mama wa samaki sasa anataka mizani na makuli mbili kubwa kabla ya Desemba. Ni kama 9,000. Mimi niko na 3,000. Inbox iko wazi, ila usije na maneno matupu.