Akira Iriye na Taarikhi ya Mashariki ya Mbali

Wapo wanataarikhi ambao, wakitaka kubainisha sababu ya dola mbili kupigana, huhesabu manowari na mizinga yao, kisha wakaona kazi imekwisha. Akira Iriye, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1934, akapata udaktari wake Harvard mwaka 1961 na baadaye akasomesha huko huko, hakukinai kwa hesabu hiyo. Nami naamini kwamba atakaye kuyafahamu mambo ya Mashariki ya Mbali, hata ya zama hizi, hana budi kuifuata njia yake.

Kitabu chake After Imperialism, kilichotoka mwaka 1965, chachunguza miaka kumi iliyoanza na mkutano wa Washington wa 1921, ambapo mataifa makubwa yaliafikiana kupunguza manowari, yakauvunja muungano wa Uingereza na Japani uliodumu tangu 1902, na yakaahidiana kuiheshimu mamlaka ya China. Desturi ya kale ya kugawana maslahi ikakanwa, lakini haikupatikana nyingine ya kushika mahali pake; kwani Wachina walipodai haki ya kujipangia ushuru wa forodha, kila dola ilikwenda kusuluhishana nao peke yake, hata ilipofika Septemba 1931 jeshi la Japani likaivamia Manchuria.

Hayo Iriye aliyatoa katika nyaraka za Kijapani, za Kichina na za Kiingereza, akimsikiliza kila mmoja kwa lugha yake. Na katika Power and Culture, cha mwaka 1981, yeye aliyekuwa mtoto Japani wakati wa vita vya Japani na Marekani alithubutu kusema kwamba Wajapani na Wamarekani, hata walipokuwa wakiuana, walikaribiana katika fikra zao juu ya ulimwengu wa amani kuliko walivyodhani. Hapo simfuati mpaka mwisho, maana Wachina waliouawa na jeshi la Japani huko Nanjing mwaka 1937 wanastahili nafasi kubwa katika hesabu yoyote ya fikra za watawala wa Japani. Lakini swali lake, la kila upande uliufikiriaje ulimwengu, ni la haki.

Kwetu, njia hiyo ya kumsikiliza kila mmoja kwa lugha yake tumeikosa: habari za bahari ya China aghalabu hutufikia kwa Kiingereza, zimekwisha kupimwa kwa mizani ya wengine. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius tangu 2005, na vijana wetu wajifunzao Kichina huelekezwa zaidi kwenye biashara na ukalimani. Nawaomba wakuu wa vyuo wawateue baadhi yao, wawafundishe Kijapani pia, na wawape miaka ya kutosha kusoma nyaraka za wizara za nje za Tokyo na Nanjing.