SHERIA YA BAHARI YAPITA MTITO ANDEI



Mfanyakazi wa Kitui au Makueni akisikia habari za Sheria ya Bahari husema hilo ni shauri la watu wa Mombasa na Lamu. Sisi huku hatuna bahari, na hata mito yetu mingi hukauka wakati wa kiangazi. Lakini yafaa tuelewe kwamba sheria hiyo yapita mlangoni petu kila usiku, juu ya magurudumu ya malori.

Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Sheria ya Bahari yalitiwa sahihi Montego Bay, Jamaica, tarehe 10 Desemba 1982. Kenya iliyathibitisha mwaka 1989, nayo yakaanza kutumika mwaka 1994. Wengi wamesikia juu ya maili 200 za bahari, ambazo Kenya yenyewe ilikuwa mbele katika kuzidai kule Geneva mwaka 1972. Wachache wamesikia juu ya Sehemu ya 10. Sehemu hiyo yasema nchi isiyo na pwani ina haki ya kufika baharini, na haki ya kupitisha mizigo yake katika nchi iliyo katikati. Mizigo hiyo haitozwi ushuru wa forodha, na nchi inayopitiwa yapaswa kuzuia ucheleweshaji.

Nchi iliyo katikati ndiyo Kenya yetu. Mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini yashuka Kilindini, yapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Na tangu barabara ya Kibwezi, Mutomo na Kitui ilipotiwa lami, imefunguka njia nyingine ya kuelekea kaskazini, upande wa Ethiopia, ambayo nayo haina pwani tangu Eritrea ilipojitenga mwaka 1993.

Kazi hii ni ya zamani Ukambani. Kabla ya reli, wazee wetu walichukua pembe za ndovu hadi Mombasa. Kivui wa Kitui, aliyetembelewa na Krapf mwaka 1849, alikuwa mkubwa wa misafara hiyo. Sheria ya Bahari imewakumbuka watu wa namna hiyo, lakini sikilizeni ilivyowakumbuka. Kifungu cha 124 chataja vyombo vya kuchukulia mizigo: mabehewa ya reli, vyombo vya majini, magari ya barabarani na, mahali inapolazimu, wapagazi na wanyama wa mizigo. Mtu na punda wako katika orodha moja. Saa zake za kulala hazikutajwa katika sehemu hiyo.

Mtu atajibu kwamba mapatano yale hayakuandikwa kwa ajili ya kazi. Ni kweli. Basi na tumtazame baharia aliyeleta kontena hilo hilo Kilindini. Yeye ana Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuthibitisha mwaka 2014. Mkataba huo wampa mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Mkaguzi wa bandari aweza kuizuia meli isiondoke ikiwa haki za mabaharia zimevunjwa vibaya. Kontena likishatoka langoni mwa bandari, mwanadamu anayelichukua hapati ulinzi kama huo.

Dereva naye anayo sheria, lakini ya kwenye karatasi. Sheria ya Trafiki ya Kenya yakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 kwa jumla katika saa 24. Hebu tupige hesabu. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Lori lenye mzigo likienda kilomita 50 kwa saa, saa 8 ni kilomita 400. Basi safari hiyo ni siku 3, bila kuhesabu mizani wala mpaka. Tajiri anayetaka mzigo ufike kwa siku 2 anamwamuru dereva avunje sheria. Na anayelipa kwa safari badala ya kwa mwezi hana haja hata ya kuamuru. Njaa ya watoto itaamuru. Ajali za Salama na Sultan Hamud twazijua. Kila mara husemwa dereva alisinzia. Haiulizwi nani alimnyima usingizi.

Wenye malori husema: tukiwapumzisha madereva, gharama zitapanda na mizigo itahamia Dar es Salaam. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana mzigo ukihama, Emali na Makindu zitalala njaa. Lakini ndiyo sababu twataka sheria ya mataifa, wala si ya Kenya peke yake. Dereva wa Tanzania, wa Uganda na wa Rwanda akiwa na saa zile zile za kupumzika, hakuna tajiri atakayeshinda kwa kuuza usingizi wa watu wake.

Sheria hiyo ipo. Ni Mkataba nambari 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979. Wasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 bila kupumzika, apate saa 10 za mapumziko kwa siku, awe na daftari la saa zake, na wakaguzi wakague ofisini na barabarani. Nchi zilizouthibitisha ni chache, na Kenya haimo.

Katika mkutano wa Shirika hilo kila nchi hupeleka wajumbe wanne: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi, na kila mmoja ana kura yake. Kiti hicho ni chetu. Basi twataka:

1. Kenya na jirani zake wauthibitishe Mkataba nambari 153.
2. Penye mizani ya kupimia uzito wa lori, pakaguliwe pia saa za dereva.
3. Dereva na taniboi walipwe mshahara wa mwezi, si kwa safari.
4. Pawe na mahali pa kulala penye maji na ulinzi, Mtito Andei, Makindu, Emali na njia panda ya Kibwezi.

Mwezi wa Januari 2022 madereva waligoma mpakani kupinga ada ya kupimwa Korona, na Uganda ikaisimamisha ada hiyo. Hawakuwa na jeshi wala fedha. Walikuwa na umoja.

Dereva ambaye hajajiunga na chama, ajiunge mwezi huu. Mzigo una mkataba wake. Na mtu apate wake.