Kukata Springi za Gari: Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Katika gereji za mitaani, kazi ya kushusha gari huchukua muda mfupi sana. Gari huinuliwa kwa jeki, gurudumu hufunguliwa, springi hutolewa, na fundi hukata mzunguko mmoja au miwili kwa msumeno wa chuma au kwa moto wa gesi. Kisha springi hurudishwa mahali pake, na gari hutoka likiwa limeikaribia ardhi, kama wapendavyo vijana wengi. Gharama ni ndogo na mabadiliko huonekana mara moja. Lakini yale yasiyoonekana ndiyo yanayostahili kujadiliwa, hasa katika Dodoma na uwanda wa juu wa kati, ambako barabara hudai mengi kutoka kwa springi.

Aghalabu husemwa kwamba springi iliyokatwa ni ile ile ya awali, ila imepungua urefu. Usemi huo si sahihi. Mwaka 1678 mwanasayansi wa Uingereza, Robert Hooke, alieleza kwamba springi hurefuka au hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayotiwa juu yake. Kila mzunguko huchangia sehemu yake ya kubonyea. Mizunguko ikipunguzwa, ile iliyobaki haiwezi kufanya kazi ya ile iliyoondolewa. Kwa hiyo springi iliyokatwa ni fupi zaidi, na tena ni ngumu zaidi.

Mfano mmoja wa hesabu utalifafanua jambo hili. Tuseme springi ina mizunguko 6 inayofanya kazi, urefu wake bila mzigo ni milimita 360, na ugumu wake ni nyutoni 20 kwa kila milimita. Ikibeba mzigo wa nyutoni 3,000, yaani uzito wa kilo 300 hivi, itabonyea milimita 150, na urefu wake utakuwa milimita 210. Tuseme pia kwamba gurudumu linaweza kupanda milimita 80 kabla ya kugonga mpira wa kizuizi, na kushuka milimita 80 kabla ya kuzuiwa na shokapu.

Sasa fundi akate mzunguko mmoja na nusu. Springi itabaki na urefu wa milimita 270, na ugumu wake utapanda hadi nyutoni 26.7 hivi kwa kila milimita. Chini ya mzigo ule ule urefu wake utakuwa milimita 157.5. Gari limeshuka kwa milimita 52.5, na mwenye gari ameridhika. Lakini nafasi ya gurudumu kupanda, iliyokuwa milimita 80, sasa imekuwa milimita 27.5 tu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kazi ya springi ni kupokea nishati ya pigo na kuirudisha polepole. Kwa hesabu ya nusu ya ugumu mara mraba wa umbali, springi kamili ya mfano huu inaweza kupokea jouli 64 kabla ya gurudumu kufika kwenye kizuizi. Springi iliyokatwa inaweza kupokea jouli 10 tu. Ingawa imekuwa ngumu zaidi, uwezo wake wa kumeza pigo umepungua zaidi ya mara sita. Nishati inayobaki haipotei. Huingia katika mpira wa kizuizi, katika shokapu, katika bodi la gari, na mwishowe katika migongo ya abiria.

Upande wa pili nao una hatari yake. Gurudumu linapoingia shimoni na kushuka hadi mwisho, nafasi kati ya vikalio viwili vya springi katika mfano wetu ni milimita 290. Springi kamili, yenye urefu wa milimita 360, hubaki imebanwa barabara. Springi iliyokatwa ina milimita 270 tu, kwa hiyo hulegea kwa milimita 20. Springi iliyolegea yaweza kutoka katika kikalio chake, na gurudumu linaporudi juu kwa kishindo, hakuna awezaye kusema itakaa wapi.

Kama mkato umefanywa kwa moto, kuna hasara nyingine. Chuma cha springi hupashwa moto mkali kiwandani, kikapozwa kwa haraka, kisha kikapashwa tena kwa kiasi maalumu, ili kipate kunyumbuka bila kuvunjika. Moto wa gesi huiharibu kazi hiyo karibu na mkato. Sehemu nyingine huweza kulainika na nyingine kuwa kavu na rahisi kupasuka. Ufa mdogo ukianza hapo, kila pigo la barabara huukuza.

Mambo haya yangekuwa na madhara hata katika barabara laini kama kioo. Katika uwanda wa kati madhara huzidi. Dodoma, iliyo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, imeunganishwa kwa lami na Morogoro, Singida, Iringa, na pia Babati, ambako barabara ilizinduliwa mwaka 2018. Hata hivyo, barabara hizo hupita katika vijiji vingi, na penye kijiji huwa na matuta ya kupunguza mwendo. Ukiiacha lami kuelekea vijiji vya Bahi, Chamwino au Mpwapwa, unakutana na changarawe yenye mikunjo na makorongo ya mchanga, ambayo hujaa maji ghafla wakati wa masika, kati ya Desemba na Aprili. Gurudumu linalorukaruka juu ya mikunjo hiyo huachana na ardhi mara kwa mara, na gurudumu lisilogusa ardhi haliwezi kukata kona wala kusimamishwa kwa breki.

Watetezi wa desturi hii wanayo hoja moja ya kweli. Gari lililo chini hulala kidogo zaidi kwenye kona, kwa sababu kitovu cha uzito wake kimeshuka. Ndiyo maana magari ya mbio za viwanjani huundwa yakiwa chini. Lakini magari hayo hupewa springi na shokapu zilizopimwa pamoja, na hukimbia juu ya lami isiyo na tuta wala shimo. Afrika ya Mashariki ina mfano wake yenyewe. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwafundisha waundaji wa magari kuyainua na kuyaimarisha, si kuyashusha. Hata leo wenye magari madogo yatokayo Japani mara nyingi huyainua ili yasikwaruze matuta. Wanaoyashusha wanakwenda kinyume cha somo hilo.

Je, dawa ni kukataza peke yake? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kutembezwa barabarani, na ni haki itekelezwe. Lakini askari wa barabarani hawezi kuliona kila pindo la springi. Dawa ya kudumu ni maarifa, na maarifa hayo tayari yamo shuleni. Kanuni ya Hooke hufundishwa katika fizikia ya sekondari, lakini hufundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi huishia katika daftari na mtihani. Fundi wa gereji, ambaye huzungumza Kiswahili na kuishika springi kila siku, haimfikii. Kosa si la fundi peke yake. Ni la elimu iliyofungiwa darasani.

Mwalimu anaweza kulifungua zoezi hili kwa gharama ndogo. Waya wa chuma chenye kunyumbuka uzungushwe juu ya kalamu mara 20, utundikiwe uzito, na urefu wake upimwe kwa rula. Kisha ukatwe katikati, utundikiwe uzito ule ule. Wanafunzi wataona kwamba urefu ulioongezeka ni nusu ya ule wa kwanza. Baada ya hapo waalikwe mafundi wa jirani, wakifanye kipimo hicho kwa mikono yao na kukijadili kwa lugha yao. Fundi aliyeiona hesabu ya jouli 64 na jouli 10 atakuwa na jibu la kumpa kijana anayetaka gari lake lishushwe: kama hana budi, anunue springi fupi na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, kama anaishi mahali pa matuta na makorongo, aliache lilivyo.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Springi nayo imeundwa. Urefu wake, idadi ya mizunguko yake na ugumu wa chuma chake vilipimwa kwa pamoja, na mwenye kukata kimoja amevikata vyote.