Okidi za Kitulo hazijapona

Hoja inayorudiwa sana na watetezi wa biashara ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi, ni kwamba okidi hujiotea: ukichimba leo, mvua zijazo zitaleta nyingine. Si kweli. Ng'oa okidi ya jenasi Disa au Satyrium taratibu, utazame chini ya shina. Kuna viazi viwili ubavu kwa ubavu. Kimoja kimenywea, maana ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, kimejaa. Huo ndio mmea wa mwakani. Mchimbaji huchukua hicho kigumu, kikaushwe, kisagwe, kipikwe na unga wa karanga na pilipili. Mbegu nazo ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na haziendelei zisipokutana udongoni na kuvu wa kuzilisha. Anayesema "basi zilimwe shambani" anasahau kuvu huyo.

"Lakini tuna hifadhi." Tunayo, na ni fahari yetu: Kitulo, kusini mwa Tanzania, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake, zikiwemo aina zipatazo 45 za okidi. Ila okidi huota pia kwenye nyasi za nje ya mpaka, ambako majembe ya viazi mviringo na miche ya misonobari vinazidi kusogea.

Wengine husema zetu ni nyingi, haziishi. Zambia nako zilikuwepo. Zilipopungua, wanunuzi wakavuka kuja kwetu. Watafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vikienda huko kila mwaka kutoka Tanzania.

Kuhusu CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, okidi karibu zote zimo katika kiambatisho cha pili, kinachodai kibali, si marufuku. Na ofisa wa mpakani atajuaje ni aina gani, gunia likiwa na viazi vikavu visivyo na jani wala ua? Aina nyingi, tena, hazijatathminiwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Kutokuwemo kwenye orodha nyekundu si cheti cha usalama.

Hoja ya umaskini naiheshimu. Mchimbaji wa Makete, wilaya iliyo jirani na Kitulo, ana ada za shule za kulipa, na kumkamata yeye huku mnunuzi wa jumla akipita ni dhuluma. Lakini kiazi kikiisha, mnunuzi atahamia mlima mwingine. Mchimbaji atabaki hapo hapo, na ada ni zile zile.