Tajiri wa mwaloni: mkombozi au mnyapara?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sangara ni mgeni, alipandikizwa Ziwa Victoria enzi za mkoloni, na viwanda vya minofu vilivyomfuata hapa Mwanza miaka ya 1990 navyo tulivipokea kwa vigelegele. Ninawauliza ninyi vijana wenzangu wa vijiweni, kuanzia Kirumba hadi Igogo: mwenyeji amepona?

Leo simsemi mwenye kiwanda. Huyo amesemwa mpaka ikatengenezwa filamu, Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, na Rais Kikwete akaja juu mwaka 2006. Wakubwa walikasirikia picha, mapanki yakaendelea kukaangwa. Leo namsema mtu wa katikati, yule ambaye visiwani anaitwa "tajiri".

Tumpe haki yake kwanza. Huko Ukerewe, Kome na visiwa vingine, tajiri ndiye benki, ndiye duka na ndiye gari la wagonjwa. Nyavu anakopesha yeye, na injini, petroli na barafu ni zake. Mtoto akizidiwa usiku, mtumbwi wake ndio unaompeleka hospitali. Mkifiwa, sanda anatoa yeye. Benki za mjini zinataka hati ya nyumba, na mvuvi nyumba yake ni maturubai na mabati chakavu. Serikali nayo hufika na fulana na kofia kila baada ya miaka mitano.

Sasa njoo kwenye malipo. Mkopo huo hauna riba, wanakwambia. Kweli, kwenye karatasi haina. Riba imejificha kwenye bei, na inayobaki imejificha kwenye mizani. Nilikaa siku mbili kwenye mwalo mmoja kule Ukerewe nikayaona kwa macho yangu. Mwenye nyavu zake aliuza kwa bei moja. Mwenye nyavu za mkopo, samaki yule yule, asubuhi ile ile, alipewa bei ya chini, na haruhusiwi kumuuzia mwingine mpaka deni liishe. Haliishi, maana petroli ya kesho nayo ni mkopo. Mizani ni ya mnunuzi, anayeisoma ni mnunuzi, na mwenye kuandika daftarini ni yeye huyo huyo. Bondo, ambalo Wachina wanalinunua kwa bei inayoipita minofu, liliondoka humo humo tumboni mwa samaki bila kutajwa. Na Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wetu mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, bei ilianguka mwaloni. Deni halikuanguka.

Jamani, mchezo huu babu zetu wa Usukumani waliujua. Wanunuzi wa pamba walikuwa wakiwapunja kwenye mizani, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na harakati hizo, mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya kijana mmoja aitwaye Paul Bomani, likafika hadi kumiliki viwanda vya kuchambua pamba. Serikali ikavifuta vyama hivyo mwaka 1976, na vilivyorudishwa miaka ya 1980 vigogo wakavitafuna. Hilo tunalijua, na kila tukitaja ushirika watu wanacheka. Lakini kilichoharibika ni uongozi. Mizani ya mkulima haikuwa na kosa.

Mwaloni leo kuna vikundi vya wavuvi vinavyosimamia rasilimali, vina mwenyekiti na muhuri. Kile nilichokiona kinajua kukamata kokoro. Mizani hakina.

Usiniambie hayakuhusu kwa sababu wewe ni wa mjini. Wangapi mliokuwa mnafukuzana na mgambo Makoroboi mmeishia kuvuta nyavu za watu?

Kijana mmoja pale mwaloni, rika langu, aliniuliza mizani ya kuning'iniza inauzwa shilingi ngapi Mwanza. Nikamtajia. Akakaa kimya, akapiga hesabu kwa vidole, kisha akasema itabidi akamkope tajiri.