Kaunsela wa wiki sita, toa mteja wako kwa TikTok

Huyu wa juzi alijirekodi akiwa ndani ya gari, taa ya duara ikimulika uso. "Wapendwa, leo nimeona klayenti amenivunja moyo." Kisha akafunguka: mama wa miaka 34, anakaa Kihunguro, bwana yake ni dereva wa lori, ana kibanda cha nguo za watoto, na amegundua bwana ana boma lingine Mombasa. (Hayo maelezo nimeyabadilisha yote, sitamfanyia huyo mama mara ya pili.) Jina hakutaja, na chini ya video akaandika kwamba amelinda usiri. Manze! Ruiru ni mji mkubwa lakini Kihunguro ni mtaa. Komenti ya tano mtu alikuwa ameshauliza, "Kwani huyu si mama fulani wa pale steji?"

Nilisoma diploma ya ushauri nasaha hapa Thika, nikafanya atachimenti Ruiru, kwa hivyo siongei kama mpita njia. Usiri ndio somo la kwanza tunalofundishwa na ndilo la kwanza kusahaulika. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haina simu. Mteja akikuambia jambo, linabaki hapo, isipokuwa mambo machache ambayo unamweleza kabla hajaanza kuongea: kama maisha yake yako hatarini, kama anataka kumdhuru mtu, kama kuna mtoto anayedhulumiwa, au korti ikiamuru. Ukikwama, kesi unampelekea msimamizi wako, faraghani, bila jina, akusaidie kuifikiria. Msimamizi ni mtu mmoja aliyekutangulia kwa kazi. Wafuasi elfu arobaini si wasimamizi. Na kama maadili hayakushtui, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu kwenye kundi la data nyeti. Siku mteja mmoja atapata wakili mzuri, wengi watafuta akaunti usiku.

Sasa, huyo dada hakutoka hewani. Tembea kutoka Makongeni hadi Thika mjini, kisha panda 237 ushukie Ruiru, uhesabu mabango kwenye milingoti ya stima. Katikati ya mganga anayerudisha mapenzi na lori la kunyonya maji taka utapata lingine: Kuwa kaunsela kwa wiki sita, madarasa ni wikendi, cheti na joho siku ya kuhitimu. Sina shida na kozi fupi. Kozi fupi ya kusikiliza watu ingefaa hata makanga. Shida yangu ni hilo neno "kuwa". Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia tangu 2014. Iliunda bodi, na inataka kila anayefanya kazi hii asajiliwe na awe na leseni. Muulize anayekuuzia kozi kama bodi inamtambua, uone stori itakavyobadilika.

Lakini hata sisi wa diploma tusijipige kifua sana. Tunakariri dhana kama watoto wanaokariri majina ya mito. Chukua Carl Rogers. Mwaka 1957 aliandika kwamba mtu hubadilika akikutana na msaidizi wa namna fulani, na katika masharti aliyoyaorodhesha sisi tunakariri matatu: umkubali mteja bila masharti, uielewe dunia yake jinsi yeye anavyoiona, na uwe mkweli, usivae sura ambayo si yako. Kwenye mtihani kila mtu anapita hilo swali. Halafu anaingia msichana wa miaka 19 kutoka Kiandutu, ametoa mimba, hajalala wiki mbili, na kaunsela aliyepata alama 78 anashusha pumzi na kusema, "Lakini unajua Mungu hafurahii hivyo." Si hayo ndiyo masharti yenyewe?

Hilo la kuielewa dunia ya mtu mwingine tulikuwa nalo kabla Rogers hajazaliwa: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ila wengi wanadhani wamelifanya wakisema pole. Pole ni neno tamu, sitaki tuliache, lakini angalia linavyofanya kazi kwetu. Mtu anasema mama yake amefariki, unasema pole sana, anasema asante, na mazungumzo yameisha. Pole inafunga mlango kwa adabu. Kazi ya kaunsela ni kuuacha wazi. Muulize, "Alikuwa mtu wa aina gani?" halafu unyamaze. Ukishindwa kunyamaza dakika moja, hii kazi si yako, nenda radio.

Na tukishafika kwa matanga, hebu niseme hili. Elisabeth Kübler-Ross alitoa kitabu chake mwaka 1969 baada ya kukaa na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Zile hatua tano, kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali, alizitoa kwa hao wagonjwa. Sisi tumezigeuza ngazi ya kila mfiwa, na asiyepanda kwa mpangilio tunamwona amekwama. Nimemsikia mwanafunzi mwenzangu akimwambia mjane kwamba miezi minne imepita, bado yuko kwa hasira, anafaa awe amesonga. Huyo mama alikuwa na hasira kwa sababu mashemeji walikuwa wamechukua shamba! Hakuhitaji hatua ya nne. Alihitaji mtu wa kumwonyesha ofisi ya msaada wa kisheria, na mtu wa kumwambia kwamba kukasirika pale ni akili timamu.

Ni vivyo hivyo na ile kanuni ya mkao kutoka kitabu cha Gerard Egan: mwelekee mteja, inama kidogo mbele, mtazame machoni. Jaribu kumkodolea macho mzee wa Gatundu wa miaka 70, na wewe ni msichana wa 23. Ataona umekosa adabu, na hatarudi. Kanuni inasema uonyeshe kwamba uko naye. Macho ni njia moja tu ya kuonyesha.

Lawama nyingine naipa jina lenyewe. Ushauri ni kumwambia mtu la kufanya, na nasaha ni hivyo hivyo, kwa hivyo jina limetoa mawaidha mara mbili kabla mteja hajaketi. Ndio maana watu wanakuja wakisema, "Niambie tu, nimwache ama nisimwache?" Na kaunsela wa wiki sita anajibu! Mmoja anasema vumilia mama, ndoa zote ziko hivyo. Mwingine, ambaye ametoka kuachana juzi, anasema toka hapo. Hao wawili wanafanya kitu kimoja: wanaishi maisha yao kupitia mtu mwingine. Huyo mama ndiye atakayelala kwa hiyo nyumba leo usiku, si wewe. Unachoweza kufanya ni kumsaidia aone ana njia ngapi, kila njia inamgharimu nini, na kama yuko salama akichagua. Ni kazi ya polepole na haina video nzuri.

Shule ndizo zinaniuma zaidi. Ushauri shuleni si jambo geni, hata ripoti ya Gachathi ya 1976 iliugusa, na viboko vilipigwa marufuku 2001. Shule niliyofanyia atachimenti sitaitaja. Mwalimu wa ushauri ndiye alikuwa mwalimu wa nidhamu, na chumba cha ushauri kilikuwa stoo ya vitabu vya zamani, mlango haufungi. Wiki ya pili niliitwa ofisini nikaambiwa niandike majina: nani anavuta bangi, nani ana boyfriend, nani analialia bwenini usiku. Nikakataa. Nikaambiwa wanafunzi wa siku hizi wana kiburi, na fomu yangu ya tathmini ikakaa bila sahihi hadi muhula ukaisha. Watoto wenyewe hawakuwa wajinga. Walijua kile chumba ni sikio la ofisi, kwa hivyo walikuja kuniambia wanaumwa na kichwa. Nilisikia vichwa vingi sana muhula huo.

Halafu janga likitokea, ndipo tunakumbukwa. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, vijana 67 walikufa bwenini. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, watoto 21. Kila mara sentensi ya habari ni ileile: washauri nasaha wametumwa shuleni. Wametumwa, sawa, lakini kwa siku ngapi? Na kufanya nini? Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia mwaka 2011, na kiini chake ni maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani hayuko salama. Sikiliza bila kumsukuma mtu asimulie alichokiona. Muunganishe na ndugu, chakula, simu, daktari. Mtoto aliyetoka kwenye moto anataka kujua kakake yuko wapi. Wewe unamketisha kwenye duara na wenzake thelathini unamwambia "toa yote yaliyo ndani". Ukishayatoa, nani atabaki naye Jumatatu, wakati gari lenu limerudi Nairobi?

Kuna swali moja ambalo wanafunzi wengi wanalikwepa, na hili naliandika taratibu. Hadi tarehe 9 Januari 2025 kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, kifungu cha 226, kifungo cha hadi miaka miwili. Siku hiyo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Kwa miaka yote hiyo tulifunzwa kumuuliza mteja swali ambalo jibu lake lilikuwa kukiri uhalifu. Sheria imeanguka, uoga umebaki. Wengine wanasema ukiuliza unampa mtu wazo. Humpi. Unauliza wazi, kwa sauti ya kawaida, "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Akisema ndiyo, humwachi peke yake, humhubirii, unampigia msimamizi wako, na mnampeleka hospitali. Kaunsela asiyejua atampigia nani saa hiyo hafai kuwa na mteja.

Na tukitaja hospitali, matatu za Thika Road zinapita Mathari kila siku, na kila siku kuna mtu wa kutania, "Shukisha huyu hapa." Abiria wanacheka. Siku moja uliza ndani ya matatu nani amewahi kusikia jina la J. C. Carothers. Huyu daktari Mwingereza alikabidhiwa Mathari mwaka 1938 bila kuwa na mafunzo ya magonjwa ya akili. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, akieleza akili ya Mkikuyu ina kasoro gani, kana kwamba kunyang'anywa ardhi si sababu tosha ya kukasirika. Tunasoma Kiambu, kwenye mashamba hayohayo, na hatufundishwi jina lake. Tungefundishwa, labda mwenzangu angefikiri mara mbili kabla ya kumwambia yule mjane kwamba shida ni hatua aliyokwamia.

Najua nitajibiwa nini. "Wewe unazuia msaada, watu hawana elfu tatu za kuona mwanasaikolojia, heri kaunsela wa wiki sita kuliko hakuna." Sawa, tuzungumze kuhusu wasio na digrii. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006 na akina nyanya wa Mbare, Harare. Wanaketi na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, wanamsaidia kuchagua tatizo moja na kulishughulikia. Kwa Kishona shida yenyewe wanaiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, sisi tungesema mawazo. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa 2016, na dalili za waliopitia benchi zilipungua kuliko za wenzao. Nyanya hao hawana diploma kama yangu. Lakini wana mwongozo mmoja wanaoufuata, wana mtu wa kuwasimamia, wanajua kesi gani si yao na inapelekwa wapi, na hakuna hata mmoja anayejiita mwanasaikolojia. Hao nawapigia makofi, ninyi wa mabango hamna hata kimoja cha hivyo.

Wiki iliyopita nilitumia ujumbe kwa namba iliyo kwenye bango moja. Niliuliza maswali manne. Kozi imetambuliwa na bodi? Mwanafunzi anafanya saa ngapi na wateja halisi? Msimamizi wake ni nani, na ana leseni? Mteja akisema anataka kujiua, mwanafunzi anampigia nani usiku?

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili. "Karibu sana dear. Njoo ofisini na 2,000 ya usajili, intake inafungwa Ijumaa."